Mguu Unakanyaga Hewa

Jumanne, 3 Machi
Mvua imeanza. Gereji inavuja palepale ilipovuja mwaka jana na bosi ameweka ndoo ileile. Anasema ndoo inaijua kazi yake, bati ndilo halijui.

Ijumaa, 6 Machi
Nimepita kwa dada. Yeye na mume wake wanafua mashuka ya nyumba za wageni, na kukinyesha biashara hiyo inageuka vita. Mashuka yameanikwa kila chumba, mpaka juu ya milango, unatembea umeinama kama mtu anayejificha. Dada anaongea, shemeji anakunja. Tangu waoane sijamsikia shemeji akisema sentensi mbili mfululizo. Si mkorofi, wala hajawahi kumwinulia dada mkono. Ni mkimya tu, ila ukimya wake unakaa chumbani kama kabati kubwa: lazima uuzunguke. Leo dada alimwuliza mbele yangu kama amekasirika. Akasema, "Hapana." Akachukua shuka jingine.

Dada aliponisindikiza alisema, "Afadhali angenitukana, mdogo wangu. Ningejua nasimama wapi."

Jumatatu, 9 Machi
Nimesafisha nozeli za pikapu ya muuza mbao, zile zinazopuliza petroli. Uchafu mtupu. Mvua.

Alhamisi, 12 Machi
Naandika kabla sijavua viatu.

Gari lao limemgonga dada, nyumbani kwake, getini pake, na mwendeshaji alikuwa mume wake.

Kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Asubuhi shemeji alikwenda kupeleka mashuka, akarudi, dada akatoka kumfungulia geti. Pale getini pana kimwinuko cha zege, gari hukipanda polepole kisha hushuka uani. Jirani aliyekuwa akikinga maji anasema lilipanda taratibu kama kawaida, halafu likanguruma na kuruka. Dada alibanwa kati ya bampa na tangi la maji. Nyonga imepasuka, paja limevunjika.

Mimi na mama tulipofika hospitali, shemeji alikuwa kwenye benchi la ukumbini, matope mpaka magotini, mikono juu ya mapaja kama mwanafunzi anayesubiri adhabu. Kaka alikuwa amesimama mbele yake.

"Ulikuwa unafanya nini?" kaka akamwuliza.

"Lilikimbia," shemeji akasema. "Nilikanyaga breki ikawa ngumu kama jiwe."

Kaka akauliza tena. Akajibiwa yaleyale, kwa sauti ileile. Mimi fundi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikajisemea moyoni kwamba gari halina miguu yake lenyewe.

Ijumaa, 13 Machi
Dada ameamka. Mama alimshika mkono akamwambia asiseme kitu, apumzike. Akasema.

"Alinitazama, mama. Alinitazama usoni, halafu gari likaja."

Mama alikaa kitandani bila kuangalia anakalia nini, akakalia sahani ya dawa. Kaka hakuuliza swali hata moja. Alitoka wodini, na tulipokuja kusikia habari zake alikuwa kituo cha polisi.

Nimejaribu kula. Sijui nimekula nini.

Jumatatu, 16 Machi
Gari limeletwa gerejini kwetu. Askari anayekagua magari hana shimo la ukaguzi wala paa, na msimu huu hawezi kulala chini ya gari barabarani. Breki amezijaribu mwenyewe. "Zinashika kama kupe," alisema. Kwa hiyo shemeji amedanganya kuhusu breki. Aliyedanganya moja ana la pili.

Bosi alinivuta pembeni. "Hili usiliguse. Damu na grisi havichanganyiki."

"Nani mwingine hapa anaujua mfumo wa petroli?"

Akakuna kichwa. Hayupo mwingine, na anajua. Mimi ndiye wanayeniita Fundi Pua, kwa sababu nikinusa moshi wa gari nakuambia linaumwa nini.

"Basi," akasema. "Lakini ukilifungua, fungua gari. Usifungue ndoa."

Alhamisi, 19 Machi
Nimelipima gari mpaka nimechoka kulitazama. Jioni mama alikuwa ananisubiri sebuleni, hata taa hakuwasha.

"Niambie kama mtoto mdogo," akasema. "Mtu akikanyaga, anakanyaga petroli, si ndiyo?"

Nikamwambia hapana. Watu wengi wanadhani hivyo. Mguu unakanyaga hewa. Pedeli inavuta waya, waya unafungua kilango cha duara kwenye koo la injini, sisi tunakiita throto. Kilango kikifunguka, injini inavuta pumzi. Kuna kifaa kinachopima pumzi hiyo ni kubwa kiasi gani, kinaiambia kompyuta ya gari, na kompyuta inaziamuru nozeli zipulize petroli inayolingana na hiyo hewa. Hewa kidogo, petroli kidogo. Hewa nyingi, petroli nyingi, gari linaondoka. Ukiinua mguu, springi inarudisha kilango, pumzi inakata, gari linatulia.

"Na kilango kikigoma kufunga?"

"Gari litaendelea kukimbia hata kama mguu uko hewani."

"Cha lile kiligoma?"

Nilimwambia nilivyokuta. Throto safi, haina masizi. Springi ina nguvu. Nozeli hazivuji. Kompyuta haina kumbukumbu ya hitilafu yoyote. Nimeikanyaga pedeli mpaka goti linauma, kila mara inarudi juu kama inavyotakiwa.

Mama aliufikicha ukingo wa kanga yake. "Kwa hiyo ni mguu."

"Ni mguu, mama."

Ijumaa, 20 Machi
Nimempa askari maelezo yangu, bosi akatia sahihi kando yangu bila kunitazama. Mchana huohuo shemeji amewekwa ndani. Kaka alinipigia simu kunishukuru. Nikasema haya.

Jumanne, 24 Machi
Kila mtu sasa ana ushahidi. Jirani amekumbuka kwamba shemeji hasalimii kwa uchangamfu. Kaka amekumbuka msiba fulani ambapo shemeji hakulia. Mama, ambaye alimpenda mkwe wake kuliko alivyotupenda sisi, amekumbuka kwamba siku ya harusi hakucheka. Nami nimekumbuka jinsi anavyokunja mashuka, polepole, kingo kwa kingo. Leo nimeona ni ukunjaji wa mtu anayepanga jambo.

Mvua.

Alhamisi, 26 Machi
Dada ameuliza nani anakunja mashuka. Nikamwambia wateja wamechukua mashuka yao. Akageuzia uso ukutani.

Jumatano, 1 Aprili
Askari amemaliza na gari. Tumelisukuma kutoka juu ya shimo, liko kando ya ukuta, chini ya mfereji wa bati. Linapigwa na maji mchana kutwa. Bosi anasema limeoga kuliko mimi.

Jumapili, 5 Aprili
Kumenyesha bila kupumua. Hakuna aliyetoka.

Jumatano, 8 Aprili
Nimekaa kwenye ngazi za nyuma za gereji. Nimewaambia wasiniite.

Mama alitaka kwenda hospitali na njia zote zimejaa maji. Kaka akasema, gari si lipo, fundi ameshasema ni zima, mpeleke nalo. Nikawasha. Liliwaka vizuri. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, chupa ya uji miguuni.

Mlango wa hospitali uko juu ya mwinuko. Nilikanyaga zaidi ili kupanda, tulipofika juu nikainua mguu. Injini haikushuka. Niliutazama mguu wangu. Ulikuwa hewani kabisa, na injini inapanda sauti, na gari linaondoka. Mbele yetu, chini ya kibaraza, mhudumu alikuwa anamsukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena. Ilishuka kidogo, ikagoma. Nikaongeza mguu wa pili. Kinywa changu chenyewe kikasema, "Ngumu kama jiwe."

Nililitoa kwenye gia, injini ikapiga yowe, nikazima swichi. Lilijiburuta mpaka kwenye bustani ya maua likasimama, taa moja imeingia kwenye matofali. Mhudumu alitutolea macho. Mgonjwa wake hakuwa ameona kitu, alikuwa anafunga kifungo cha sweta.

Uji ulikuwa umemwagikia viatu vya mama. Hakuvitazama. Alinitazama mimi.

"Umekanyaga nini?" akaniuliza.

"Sijakanyaga kitu, mama."

Akaendelea kunitazama. Nalijua lile jicho. Ndilo sote tulilomtazamia shemeji pale kwenye benchi. Mama yangu mzazi, kwa muda wa pumzi moja, aliamini kwamba nilitaka kuua watu. Na mimi niliyekuwa na ukweli wote ndani ya viatu vyangu sikuwa na neno la kumpa zaidi ya lile ambalo shemeji alitupa: lilikimbia.

Kilichonileta kwenye ngazi hizi ni breki. Breki ya gari inasaidiwa na injini. Kilango cha hewa kikiwa kimefungwa, injini inavuta kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaoufanya mguu wa mtu wa kawaida uweze kusimamisha chuma chote kile. Kilango kikiachwa wazi, mvuto unapotea. Ukikanyaga na kuachia mara chache, unabaki wewe na nguvu za paja lako. Breki inakuwa ngumu kama jiwe. Hili nalijua. Nimewafundisha wengine. Askari alizijaribu breki kwenye injini iliyotulia, ndiyo maana zilishika kama kupe. Na mtu asiyejua hata bolti inafunguka upande gani alikaa kwenye benchi akatuambia sote, mara mbili, jambo ambalo hawezi kulibuni asiyelipitia. Tukalifanya ndilo uongo wake.

Maneno yake yangetosha kumwokoa. Niliyasikia kwa masikio yangu, nami ndiye Fundi Pua.

Alhamisi, 9 Aprili
Nimeuchomoa waya wa pedeli. Unapita ndani ya ala nyeusi, kama kisu, na mahali unapoingia injini kuna kifuniko cha mpira cha kuzuia maji. Kimeoza. Maji ya kioo cha mbele yanatiririka moja kwa moja ndani. Bitana ya plastiki ndani ya ala imelowa na kuvimba, waya umeota kutu, na uzi mmoja umekatika ukasimama kama mwiba wa samaki. Ukikanyaga kidogo, mwiba haufiki popote. Ukikanyaga zaidi, kama mtu anayepanda mwinuko, unaingia ndani ya ala na kunasa. Mimi nililipima gari likiwa limekaa chini ya paa mpaka likakauka. Likikauka linakuwa malaika.

Tumeukausha waya, tukaurudisha, tukamwita askari. Bosi alishika kopo la maji, mimi nikakaa kwenye usukani. Kwanza ukiwa mkavu: pedeli ikarudi. Bosi akamwaga, tukasubiri, nikakanyaga, nikainua mguu na kuutoa nje ya mlango ili askari auone. Injini ikaendelea kunguruma na hakuna aliyeigusa.

Askari alisimama mpaka nilipozima. "Mimi ndiye niliyemtia pingu," akasema. "Aliniomba nisizikaze upande wa kushoto, mkono ulikuwa umevimba kwa kushika usukani. Nikadhani anajidekeza."

Bosi, ambaye ana utani hata msibani, alifuta mikono na kwenda kusimama mvuani.

Ijumaa, 10 Aprili
Kaka hapokei simu.

Jumanne, 14 Aprili
Wamemtoa. Nilikwenda peke yangu kumpokea. Suruali imekuwa kubwa, ameishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda wake hawajaupata. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima.

"Shemeji, nisamehe."

"Ulipima likiwa kavu," akasema.

Nikasubiri. Hakunilaumu wala hakunisamehe. Alinipa sababu, kama mtu anayekupa kiti. Tulipokaribia kituo cha basi akauliza, "Anatembea?" Nikamwambia bado, lakini Jumamosi anahamia kwa mama. Akaitikia kwa kichwa, akapanda basi la upande wa kwake.

Jumapili, 19 Aprili
Nimemwambia dada. Madaktari walikuwa wamesema asishtuliwe, nikangoja afike nyumbani na azoee kitanda. Nilimwonyesha waya, nikamwambia aushike. Akapitisha kidole, akachomwa na ule mwiba.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Mwinuko, maji, kilango, breki. Alilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu amelala chali. Mama akasema ni furaha, Mungu mkubwa, sasa yatakwisha. Nilimtazama dada nikaona si furaha. Ni kitu ambacho sikijui jina.

Jumatano, 22 Aprili
Kaka alikuja kumwona dada. Alikaa muda mrefu anarekebisha bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na ubovu.

Alhamisi, 30 Aprili
Mvua nyepesi. Dada amesimama kwa magongo, mama akimshika kiuno. Hatua chache, akarudi kulala.

Jumamosi, 2 Mei
Shemeji amekuja. Mama alikuwa amepika tangu asubuhi kama mwenye harusi. Alimpokea mlangoni, akataka kupiga magoti, shemeji akamwinua kwa mikono miwili. "Usinifanyie hivyo, mama." Mama akakimbilia jikoni kulia huko.

Nilitaka kutoka pia. Dada akasema, "Wewe kaa. Nataka pawe na mtu mwingine asikie."

Shemeji alibaki amesimama. Shati limepigwa pasi, bila shaka kapiga mwenyewe.

"Umesikia ni waya," dada akasema.

"Nimesikia."

"Nilisema ulinitazama."

"Nilikutazama kweli. Ningetazama wapi?"

Dada akavuta pumzi. "Kuna jambo sikumwambia askari wala mama. Gari lilipokuja niliogopa, lakini sikushangaa. Nilijisemea, ndiyo hivyo, leo ameamua. Kama kitu nilichokuwa nakingoja. Sasa wote wanataka nirudi kwa sababu waya umepatikana. Waya umenieleza gari. Haujanieleza kwa nini sikushangaa."

Nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Nikaiweka chini. Nilimtarajia shemeji aseme "sawa" au asiseme kabisa.

"Mimi nilishangaa," akasema. "Waliponisomea maneno yako kule kituoni. Nilimwambia askari arudie kusoma. Mpaka leo nashangaa."

Kisha akaketi, pasipo kukaribishwa, ukingoni mwa kitanda, mbali na mguu uliofungwa. Akaendelea kuongea. Nilijikuta nahesabu sentensi nikaacha.

"Nilikuita. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na nilikuwa nakuita, toka hapo. Nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu, siku mbili sikuweza kumeza. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya mvua. Nakuona unaniangalia, nikadhani unanisikia. Kule mahabusu ndipo nilipowaza, kumbe ameona mdomo tu unafunguka."

"Nilidhani unanitukana," dada akasema. "Nilijisemea, kumbe matusi anayo."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Jikoni mama aliangusha kifuniko.

"Kwa nini hukuwaambia hayo polisi?"

"Niliwaambia lilikimbia. Niliwaambia breki. Hawakuamini. Nikaona maneno yangu hayana kazi." Akakwaruza goti. "Siku zote nimeona hivyo. Wewe unaongea vizuri, mimi nikifungua kinywa yanatoka mabovu. Nikawa nakuachia."

"Ulikuwa unaniachia," dada akarudia, polepole, kama anayeonja dawa. "Miaka yote ile nalala na mtu nisiyemjua, kumbe umeniachia."

"Ndiyo."

"Sirudi," dada akasema. "Sisemi milele. Lakini nikilala kwenye nyumba ile nitakuwa natega sikio."

Shemeji alikubali kwa kichwa. Mama aliingia na sinia, akaona nyuso, akasimama nalo. Shemeji akampokea, akala kila alichowekewa kwa heshima ya mpishi. Chakula hakikuwa kinamshuka, nilimwona.

Jumanne, 5 Mei
Mama hasemi na dada. Anasema waya umeonekana, mtu ametoka, wa nini ukaidi. Kabla ya mvua hii ningekuwa upande wa mama. Sasa nakumbuka jicho lake pale bustanini.

Jumamosi, 9 Mei
Jua tangu asubuhi. Mtaa mzima umeanika.

Shemeji alikuja bila kuitwa, akachukua kiti cha mlangoni, akaanza kuongea. Aliongea vibaya sana. Alianza habari ya mteja aliyerudisha foronya, akaiacha katikati, akahamia kwa baba yake aliyekuwa akiwachapa wakiongea mezani, akaiacha hiyo pia, akasema anaogopa mbwa, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Alikuwa anatoka jasho kama anayebeba gunia. Dada alimsikiliza akiwa amekunja uso mwanzo hadi mwisho. Shemeji akaaga, akaondoka.

Dada akanigeukia. "Amesema atakuja lini tena?"

"Hajasema."

"Nipe magongo."

Nikamwambia nitamkimbilia mimi, bado hajafika kona. Akasema hapana. Nikataka kumshika kiuno, akanisukuma kwa kiwiko. Alisimama, akayumba, akatukana gongo la kulia, akaanza kwenda mlangoni kumwuliza mwenyewe.